Waya, Hela na Dhahabu ya Tabora: Metali Zilizopita Kintinku

Kuna maneno mawili ya fedha tunayoyatumia karibu kila siku bila kuyatazama usoni: hongo na hela. Hela ni mtoto wa Mjerumani. Ilianza kama Heller, sarafu ndogo iliyoletwa katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, pale watawala walipoamua kuwa rupia moja igawanywe katika heller 100 badala ya pesa 64 kama ilivyokuwa zamani. Wajerumani waliondoka, sarafu ikafutwa, neno likabaki. Hongo ni ya zamani zaidi. Leo ukilitaja neno hilo watu wanageuka kuangalia kama TAKUKURU wapo jirani, lakini katika karne ya 19 ilikuwa ada halali na ya wazi: ushuru ambao misafara ya pwani ililipa kwa watemi ili ipite katika nchi yao, ichote maji na kununua chakula. Na hakuna mahali ambapo wasafiri waliilalamikia hongo kama Ugogo.

Nikaona basi tuzungumzie vitu vyenyewe vilivyolipwa, sio maneno tu. Tuvifuate vikipita Kintinku, mji mdogo wa wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mahali ambapo Reli ya Kati ikitoka Bahi hujiandaa kupanda mlima kwenda Manyoni. Sio mji unaotajwa sana vitabuni. Lakini kwa namna nchi ilivyo, kitu chochote kilichosafiri kwa treni kutoka pwani kwenda Tabora kilipita hapo. Na vitu vingi vilivyopita vilikuwa vya metali.

Swali linaloniwasha ni la kifundi kidogo, na naomba wapenzi wa fasihi mnivumilie: kwa nini metali moja ukiivuta inarefuka kama ute wa bamia, na nyingine ukiikunja mara moja tu inakatika? Na kile kiasi kidogo kinachochanganywa ndani yake, asilimia mbili, asilimia thelathini, au hata chini ya asilimia moja, kimefanya nini katika historia yetu?

Waya wa hongo

Misafara ya karne ya 19 ilibeba aina tatu kuu za mali: nguo, shanga na waya. Richard Burton alipita Ugogo mwaka 1857 na kurudi tena 1858, na katika maandishi yake anaorodhesha masango, yaani waya nene za shaba njano zilizoviringishwa. Henry Morton Stanley, aliyepita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliandika kuwa shanga zilikuwa kama sarafu za shaba, nguo kama fedha, na waya ukihesabiwa kama dhahabu kwenye nchi za ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alipofika Ugogo alilipa hongo kijiji baada ya kijiji, akinung'unika njia nzima. Mbele yake palikuwa na Mgunda Mkali, pori kavu kati ya Ugogo na Unyamwezi. Nani angethubutu kuingia huko bila maji na chakula? Watemi wa Kigogo waliijua vizuri hesabu hiyo.

Sasa, kwa nini waya? Kwa nini sio vipande vya metali tu? Jibu liko kwa mhunzi. Waya nene ukifika mikononi mwake ulikuwa malighafi. Aliupasha moto, akauchonga ncha, akaupitisha kwenye tundu la bamba la chuma, akauvuta. Kisha tundu dogo zaidi, akavuta tena. Mwisho wake akapata udodi, uzi mwembamba wa shaba, akauzungushia kwenye nywele za mkia wa twiga au tembo kutengeneza zile pete za miguuni ambazo Burton anaziita sambo. Pambo hilo lilikuwa urembo, akiba na hadhi kwa wakati mmoja.

Kazi hiyo yote inategemea tabia moja ya metali: uwezo wa kuvutika bila kukatika. Tuuite uvutikaji. Na hapa shaba njano ina siri ya ajabu. Shaba njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Kwa kawaida ukiongeza kitu kigeni ndani ya metali safi, inakuwa ngumu zaidi lakini uvutikaji wake unapungua. Unapata hiki, unapoteza kile. Zinki ndani ya shaba inavunja kanuni hiyo. Ukianza kuiongeza kidogo kidogo, mchanganyiko unakuwa imara zaidi na pia unavutika zaidi, mpaka ukifika karibu asilimia 30 ya zinki, ambapo uvutikaji unakuwa kileleni. Ukizidisha, ukavuka kama asilimia 38 hivi, mambo yanageuka: ndani ya metali inajitokeza punje ya aina nyingine, ngumu, isiyokubali kukunjwa ikiwa baridi. Mwingereza wa Birmingham, George Frederick Muntz, aliifanyia biashara aina hiyo kuanzia 1832, sehemu 60 za shaba kwa 40 za zinki, lakini yeye aliifanyia kazi ikiwa ya moto, kwa ajili ya kufunika matumbo ya meli. Usingeweza kuivuta udodi ikiwa baridi.

Kwa nini inakuwa hivyo? Chukua karata, zipange rundo, kisha zisukume kwa kiganja. Zinateleza moja juu ya nyingine, rundo linabadilika umbo bila karata hata moja kuchanika. Metali inavutika namna hiyo: tabaka za atomu zinateleza. Shaba, dhahabu, fedha na alumini zimepangwa kiasi kwamba tabaka zake zinaweza kuteleza katika pande nyingi. Atomu ya zinki ni kubwa kidogo tu kuliko ya shaba, kwa hiyo inapata nafasi ya kukaa katikati yao bila kuvuruga mpango mzima. Wageni wakizidi, ndipo mpango wenyewe unapobadilika.

Mhunzi hakuwa na habari za atomu, lakini alijua kingine ambacho kila fundi wa waya anakijua mpaka leo: ukiuvuta sana bila kupumzika, waya unakuwa mgumu na kukatika. Dawa yake ni kuurudisha motoni, uwake wekundu, upoe, ndipo uendelee. Elimu hiyo ilikuwepo bara kabla ya Mjerumani kufika na chuo chake.

Reli na fosforasi

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache kabla ya vita. Ilipita Kintinku kwa sababu ileile iliyopitisha misafara Ugogo: ndiyo njia.

Reli yenyewe ni somo la mchanganyiko. Chuma safi ni laini mno kwa treni. Kinachofanya chuma kuwa chuma cha pua ni kaboni, na sio nyingi: reli haifiki hata asilimia moja. Ongeza kaboni mpaka asilimia tatu au nne, unapata chuma cha kalibu, ambacho ukikipiga nyundo kinapasuka kama chungu. Lakini adui mkubwa wa chuma cha Ujerumani alikuwa fosforasi. Mawe ya chuma ya Lorraine yalikuwa nayo tele, na fosforasi hufanya chuma kivunjike hasa kwenye baridi. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1870 mawe hayo hayakufaa kwa chuma bora. Kisha karani mmoja wa mahakama huko London, Sidney Gilchrist Thomas, akishirikiana na binamu yake mkemia, akagundua kuwa ukiweka tanuri ukuta wa mawe ya chokaa ya aina fulani, fosforasi inanyonywa na kuingia kwenye takataka. Ugunduzi wa Mwingereza ukawanufaisha zaidi Wajerumani. Nchi iliyokuwa ikinunua chuma ikawa inauza, na mwishoni mwa karne ikawa na chuma cha kutosha kutandika reli barani kwa watu wengine. Sehemu ya moja kwa elfu ya fosforasi, ndani au nje, inatosha kuamua kama reli itabeba mzigo au itakatika.

Hela ya Lulanguru

Agosti 1914 vita vilianza. Manowari za Kiingereza zikaziba pwani. Sarafu zilizokuwa zikitoka Ujerumani hazikuja tena, na watu wenye akili zao wakaanza kuzificha zile za fedha walizonazo. Serikali ya Gavana Heinrich Schnee ilichapisha noti za dharura, karatasi za hovyo ambazo watu hawakuzipenda. Ukimlipa mpagazi karatasi, mvua ya kwanza inakula mshahara wake. Ilihitajika sarafu.

Mwaka 1916 ikaanzishwa karakana ya kufua sarafu huko Lulanguru, karibu na Tabora, katika majengo ya reli. Zikatoka heller 5 na heller 20, zenye herufi T kwa ajili ya Tabora. Malighafi ilikuwa chochote cha shaba kilichopatikana, hasa maganda ya risasi na ya mizinga, yakiwemo yanayotajwa kuwa ya manowari Königsberg, iliyozamishwa mtoni Rufiji Julai 1915.

Hebu simama hapa kidogo. Ganda la risasi ni shaba njano ya aina gani? Ni ileile ya asilimia 70 za shaba na 30 za zinki, kilele cha uvutikaji. Haikuchaguliwa kwa bahati. Ganda la risasi linaanza kama kisahani bapa, linabonyezwa na kuvutwa mara kadhaa mpaka liwe kikombe kirefu chembamba. Kisha bunduki ikilipuka, ganda linapaswa kutanuka na kuziba mtutu bila kupasuka, halafu lirudi kidogo ili litolewe. Metali isiyovutika ingeua aliyeishika bunduki. Yaani waya wa hongo na ganda la risasi ni ndugu wa damu, na hela ya Tabora ikawa mtoto wa huyo wa pili.

Lakini kuyeyusha upya sio jambo jepesi. Zinki inachemka kwenye joto la nyuzi 907, na shaba njano inayeyuka karibu na hapohapo. Ukizembea na moto, zinki inatoka kama moshi mweupe na kile kinachobaki sio kile ulichoweka. Ukichanganya na takataka zenye risasi au bismathi, hata chembe ndogo tu, metali inapasuka ikipigwa. Nayo sarafu ni lazima ipigwe: kisahani kinawekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, na pigo moja linatakiwa kuilazimisha metali kuingia katika kila mstari wa taji na kila jani la mapambo. Ndiyo maana wakusanyaji wa leo wanazipanga hela hizo kwa tofauti zake: taji kubwa na taji dogo, maandishi yaliyokaa hivi au vile, nyingine za shaba njano na nyingine za shaba nyekundu, nene na nyembamba. Mkusanyaji anaona aina. Mimi naona mafundi wakihangaika na moto wasioumudu na mihuri iliyokuwa ikichakaa.

Kuna kisa kingine kinachohusu maganda haya. Jeshi la Waingereza nchini India lilikuwa likiona maajabu: risasi zilizohifadhiwa zizi la farasi au karibu nalo, msimu wa mvua ukipita, maganda yake yanakutwa na nyufa bila kuguswa na mtu. Wakaiita maradhi ya msimu. Ilichukua mpaka 1921 wataalamu kuthibitisha kuwa mwuaji ni amonia, ile harufu kali ya mkojo wa wanyama, ikishirikiana na unyevu na mkazo uliobaki ndani ya metali tangu ilipobonyezwa. Metali bora kuliko zote kwa uvutikaji, iliyokuwa imehifadhi uchungu ndani, ikapasuliwa na harufu ya zizi.

Dhahabu ya Sekenke

Sasa tufike kwenye sarafu ambayo watu wanaijua. Kati ya Aprili na Julai 1916, Tabora ilifua sarafu za dhahabu za rupia 15, kama 16,000 hivi. Upande mmoja tai wa dola ya Ujerumani. Upande wa pili tembo ameinua mkonga, milima nyuma yake, na mwaka 1916. Simulizi za wakusanyaji zinasema mihuri ilichongwa na sonara Msinhala, mtu wa Ceylon. Dhahabu ilitoka Sekenke, katika nchi ya Wanyiramba, mgodi uliogunduliwa mwaka 1907 ambao leo uko mkoa huuhuu wa Singida.

Dhahabu safi ni malkia wa uvutikaji. Gramu moja unaweza kuivuta ikawa uzi wa zaidi ya kilomita mbili. Lakini kwa sababu hiyohiyo haifai kuwa sarafu: inachubuka, inakunjika, inalika mifukoni. Inabidi ipewe mwenza. Fedha ikiingia ndani ya dhahabu haileti ugumu mkubwa, kwa sababu atomu zao zinakaribiana sana kwa ukubwa na tabaka zinaendelea kuteleza. Shaba atomu yake ni ndogo zaidi, inavuta na kukwaruza mpango, tabaka zinakamatana, na dhahabu inakuwa ngumu. Risasi nayo atomu yake ni kubwa mno. Haikubali kukaa ndani, inajikusanya mipakani mwa punje, na hapo dhahabu inakatika kama biskuti. William Chandler Roberts-Austen, mkaguzi wa metali wa kiwanda cha sarafu cha London, alilifanyia utafiti jambo hili na kulitangaza mwaka 1888: sehemu mbili kwa elfu za metali isiyofaa zinatosha kuiharibu dhahabu.

Sarafu ya Tabora ilikuwa na dhahabu asilimia 75. Uzito wake gramu 7.168. Sasa ngoja nikuonyeshe hesabu moja. Rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20. Sarafu ya mark 20 iliyofuliwa Ujerumani ilikuwa na dhahabu asilimia 90, na dhahabu safi ndani yake ilikuwa gramu 7.168. Namba ileile! Sarafu ya Tabora nzima, pamoja na michanganyo yake, ilikuwa na uzito wa dhahabu tupu ya ndugu yake wa Ulaya. Dhahabu safi ndani yake ilikuwa gramu 5.376 tu. Robo kamili ilikuwa imebadilishwa na metali nyingine huku thamani iliyoandikwa usoni ikiwa palepale.

Fundi atakuambia mchanganyiko huo unaifanya sarafu kuwa imara zaidi. Ni kweli. Mhasibu atakuambia unaokoa dhahabu. Nayo ni kweli. Katika historia ya fedha sababu hizi mbili zimekuwa zikitembea pamoja tangu zamani, na ile ya kwanza mara nyingi huitwa kuja kumtetea wa pili.

Waliobaki na nini

Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yaliingia Dodoma na kuishika reli ya Ugogo. Septemba 19 Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji waliotoka Kongo. Karakana ya sarafu ilikuwa imeshafungwa. Dhahabu ikasambaa kwa maofisa, wafanyabiashara na baadaye wakusanyaji. Leo inauzwa kwenye minada ya Ulaya na Marekani.

Na Ugogo? Ugogo ulibaki na Mtunya. Hilo ndilo jina walilolipa Wagogo njaa iliyoanza 1917 na kuendelea mpaka 1920. Mwanahistoria Gregory Maddox ameieleza vizuri: haikuwa ukame peke yake. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka, wakachukua watu wawe wapagazi. Waingereza wakaja, nao wakachukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Kisha mvua zikakosekana, na mafua makubwa ya 1918 yakakuta watu hawana nguvu. Inakadiriwa kuwa karibu mtu mmoja kati ya watano wa Ugogo alikufa.

Ng'ombe alikuwa ndiye benki ya Mgogo. Aliyechukuliwa ng'ombe akapewa karatasi au hela ya shaba, alipewa kitu ambacho kilikuwa na thamani ilimradi kuna chakula cha kununua na serikali ya kuitambua hela hiyo. Mwaka 1917 Kintinku hakukuwa na cha kwanza, na ya pili ilikuwa imekimbilia kusini. Zamani waya wa hongo ulikuwa na faida moja: mtu angeweza kuuvaa, kuuvuta, kuubadilisha kuwa kitu kingine. Thamani yake ilikuwa ndani yake. Sarafu ya vita thamani yake iliandikwa juu.

Kwa wapenzi wa fasihi nitaongeza jambo moja. Mathias Mnyampala, Mgogo, mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili na mtu aliyeeneza ngonjera, alizaliwa mwaka huohuo wa 1917. Ndiye pia aliyeandika kwa Kiswahili kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka miaka ya 1950. Tunamsoma Mnyampala kama mshairi wa vina na mizani na tunasahau kuwa ni mtoto wa Mtunya. Aliona umuhimu wa kuandika historia ya watu wake kabla wengine hawajaiandika kwa niaba yao.

Meli ya angani

Novemba 1917, wakati njaa imeshaanza Ugogo, kitu cha ajabu kilikuwa kinaruka kuja huku. Ni L 59, meli ya angani ya Zeppelin, yenye urefu wa zaidi ya mita 220. Iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 ikiwa na tani kama 15 za risasi, dawa na mahitaji mengine kwa ajili ya jeshi la von Lettow-Vorbeck. Haikupangwa kurudi. Ikitua, kitambaa chake kingeshonwa mahema na mavazi, na mifupa yake ya metali ingejengewa minara ya simu ya upepo. Ilipofika magharibi ya Khartoum ikaitwa irudi. Ilikaa angani saa 95 na kusafiri kilomita 6,757 bila kutua.

Mifupa hiyo ndiyo ninayoitaka. Ilikuwa ya durali, aloi ya alumini yenye shaba kama asilimia nne na magnesiamu nusu asilimia. Aliyeigundua ni Alfred Wilm, karibu na Berlin, mwaka 1906. Na unajua alikuwa ametumwa kutafuta nini mwanzoni? Alumini ya kutengenezea maganda ya risasi badala ya shaba njano! Alipima kipande alichokipasha moto na kukizamisha majini, akaondoka kwa mapumziko ya wiki. Aliporudi akapima tena, akakuta kimekuwa kigumu chenyewe, kimekaa tu mezani. Chembe ndogo za shaba na magnesiamu zilikuwa zikijikusanya polepole ndani ya alumini na kuzuia tabaka zisiteleze ovyo, bila kuua uvutikaji wote.

Hapo magnesiamu alikuwa kiungo, kama chumvi kwenye mboga. Je, yeye mwenyewe akiwa ndiye mboga? Ni metali nyepesi kuliko alumini, robo tu ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule. Wajerumani walionyesha aloi zake za kwanza kubwa, zilizoitwa Elektron, Frankfurt mwaka 1909. Tatizo lake liko kwenye karata. Atomu zake zimepangwa kwa umbo la pembe sita, na katika joto la kawaida tabaka zinateleza kwa urahisi upande mmoja tu. Ukivuta kwa upande mwingine, inakatika. Ukiongeza alumini, inapata nguvu, lakini ikizidi inatengeneza punje ngumu mipakani na uvutikaji unashuka. Ukiongeza lithiamu kupita asilimia 11 hivi ya uzito, mpangilio wenyewe unabadilika kuwa wa mchemraba na metali inakubali kukunjwa. Na kilichowashangaza watafiti wa karne hii ni kwamba asilimia 0.2 tu ya seriamu, moja ya madini adimu, inatosha kuvuruga ule upangaji wa punje zote kuelekea upande mmoja, na magnesiamu inarefuka mara kadhaa zaidi kabla ya kukatika.

Tunachochimba

Nayaandika haya kwa sababu hatuzungumzii mambo ya mbali. Mawe ya magnesiti yapo Chambogo, wilaya ya Same. Madini adimu, neodimiamu na seriamu ikiwemo, yapo Ngualla, mkoa wa Songwe. Dhahabu ya Iramba bado inachimbwa na wachimbaji wadogo. Na katika ukanda uleule wa Dodoma na Manyoni imejengwa reli ya kisasa ya umeme. Kwenye reli nyingi za namna hiyo duniani, waya unaoning'inia juu na kusuguliwa na treni siku nzima ni wa shaba iliyotiwa fedha kidogo, bati kidogo, au magnesiamu kidogo, kwa sababu shaba tupu ingelegea na kulika.

Waya wa shaba basi umerudi Ugogo, mwaka mia moja na hamsini baada ya Stanley. Swali la watemi bado ni zuri: anayepita hapa anabeba nini, na anatuachia nini? Wao walijibu kwa kudai waya kwanza, wakaushika, wakaukunja kuona kama unakatika, ndipo wakafungua njia. Vitabu vya wasafiri vikawaita wanyang'anyi, nasi tukalirithi neno hongo likiwa tayari limechafuka. Nadhani ni wakati wa kuvisoma tena vitabu hivyo tukiwa upande wa wale waliokuwa wakiukunja waya.